Wasifu wako wa LinkedIn umekaa kimya: tafuta chanzo kabla ya kurekebisha

Watu wengi hapa Tanga hufungua wasifu LinkedIn siku wanapomaliza chuo, au siku wanaposikia kampuni fulani inaajiri kule Chongoleani. Wanajaza jina, picha na chuo walichosoma, halafu wanangoja. Miezi ikipita bila ujumbe hata mmoja, wanabadilisha kila kitu kwa mkupuo: picha mpya, maneno mapya, orodha ya ujuzi iliyonakiliwa kwa rafiki. Hapo tatizo linazidi kujificha, maana hata mambo yakianza kwenda hutajua ni badiliko lipi lililosaidia.

Anza na dalili. Fungua ukurasa wako mwenyewe, shuka kidogo mpaka kwenye takwimu ambazo unaziona wewe peke yako. Angalia hesabu mbili: mara ulizotokea kwenye matokeo ya watu waliokuwa wakitafuta, na idadi ya waliofungua ukurasa wako ndani ya siku 90. Hesabu ya kwanza ikiwa ndogo mno, hutafutiki. Ya kwanza ikiwa nzuri na ya pili ndogo, unaonekana ila watu wanakupita. Zote zikiwa nzuri na bado hakuna anayekuandikia, kasoro imo ndani ya ukurasa. Na kama ujumbe unakuja lakini si wa maana, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya matapeli hapa chini.

Dalili: hutokei kwenye utafutaji

Chanzo ninachokikuta kuliko vingine vyote ni hiki: mtu ameitaja kazi yake kwa namna inayoeleweka na wanaomfahamu tu. Chini ya jina ameandika "Mpambanaji", "Mjasiriamali" au "Natafuta kazi". Afisa rasilimali watu haandiki "natafuta kazi" kwenye kisanduku cha kutafutia. Anaandika jina la kazi, kisha anachuja kwa mahali. Ule mstari wa chini ya jina unakupa herufi 220, nafasi zikihesabiwa, na ndio mstari wenye uzito kuliko mwingine wowote kwenye ukurasa wako. Usiutumie kueleza hali yako. Utumie kueleza kazi yako.

Fikiria ni nani anayekutafuta. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Uganda hadi Chongoleani lina urefu wa kilomita 1,443, na wanahisa wake ni TotalEnergies ya Ufaransa, CNOOC ya China na mashirika ya mafuta ya taifa ya Uganda na Tanzania. Chini yao wapo wakandarasi, na chini ya wakandarasi wapo wakandarasi wengine wadogo. Anayetafuta mchomeleaji anaweza kuwa amekaa Kampala, au Dar es Salaam, na hajawahi kukanyaga Tanga. Ukimwandikia "kiwandani Pongwe", sisi tunajua ni saruji. Yeye hajui. Andika "kiwanda cha saruji", kisha utaje Pongwe ukipenda.

Kwa watu wa mkonge hali ni ile ile. "Msimamizi wa korona" ni cheo kinachoheshimika kwenye shamba lolote kuanzia Muheza hadi Korogwe, lakini mtu wa nje akikisoma hapati picha yoyote. Andika "Msimamizi wa mtambo wa kuchakata mkonge". Kama kazi yako ni kupanga madaraja ya singa, yaani nyuzi za mkonge, yataje madaraja yenyewe, 3L, UG na mengineyo, kwa sababu mnunuzi anayejua biashara hiyo anatafuta kwa majina hayo hayo.

Namna ya kupata jina sahihi la kazi ni rahisi na haina gharama zaidi ya bando. Tafuta matangazo kadhaa ya kazi kama yako, yaliyotolewa na waajiri mbalimbali, uone ni jina gani linalorudiarudia. Kama matangazo yako kwa Kiingereza, liandike jina hilo kwa Kiingereza vile vile lilivyo, bila kulibuni upya. Kisha kwenye aya ya kujieleza litaje na kwa Kiswahili, kwani mkandarasi wa Muheza mwenye kazi ya wiki mbili anaweza kutafuta "fundi umeme wa viwandani" na si vinginevyo. Mstari mzuri unaanza na kazi, unafuata ubobezi, unaishia na mahali: "Fundi umeme wa viwandani, mota na paneli za kudhibiti mitambo, Tanga".

Chanzo cha pili ni mahali. Wengi walijisajili wakiwa chuoni Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro. Wamerudi nyumbani Makorora au Chumbageni, lakini wasifu bado unasema wako kule. Anayechuja kwa Tanga hawaoni kabisa. Bonyeza alama ya kalamu karibu na jina, ubadilishe mji. Kama uko tayari kuhama, usidanganye kwamba tayari uko Dar. Kwenye sehemu ya kutangaza kuwa uko wazi kwa kazi unaruhusiwa kuongeza miji unayokubali kufanyia kazi, na hapo ndipo Dar inapostahili kukaa.

Cha tatu ni jina lenyewe. Cheti kinasema Mohamed, kitambulisho cha NIDA kinasema Muhamedi, na LinkedIn umeandika jina la utani la mtaani. Mwajiri aliyeshika barua yako anakutafuta kwa jina la cheti na hakupati. Tumia jina lililo kwenye vyeti vyako. Dada aliyeolewa na kuchukua jina la mume asifute jina la zamani lililo kwenye vyeti. Ipo nafasi ya jina la ziada pale pale kwenye kuhariri jina, na inamsaidia aliyesoma naye kumtambua.

Cha nne: akaunti mbili. Ulisahau neno la siri, laini ya simu ilifungiwa kwa kutotumika, ukafungua akaunti mpya. Sasa anayekutafuta anakuta ya zamani, ile yenye picha ya kidato cha sita na hakuna kingine. LinkedIn inaruhusu kuunganisha akaunti mbili kupitia mipangilio, ila lazima uweze kuingia kwenye zote. Kinachohamishwa ni watu uliounganishwa nao. Ushuhuda ulioandikiwa na maelezo ya kazi havihami, kwa hiyo vinakili kwanza mahali pengine. Ukimaliza, ongeza baruapepe ya pili kwenye akaunti uliyobaki nayo ili namba ya simu isiwe ufunguo wako pekee.

Dalili: unaonekana, lakini hawakufungui

Kwenye orodha ya matokeo mtu anaona kwanza picha, jina na mwanzo wa ule mstari wa chini ya jina. Nasema mwanzo, kwa sababu kwenye simu mstari wote hautoshi. Kama umeanza na "Kijana mwenye ndoto kubwa na bidii ya kazi", jina la kazi limekatwa kabla halijasomwa. Lipeleke mbele.

Picha ina tatizo moja ambalo watu hawalijui. Wewe unaiona picha yako vizuri, lakini wengine wanaona duara la kijivu. Hiyo ni mipangilio: picha imewekwa ionekane na watu uliounganishwa nao pekee. Ingia kwenye picha, tafuta nani anaruhusiwa kuiona, uifungue kwa wote. Njia ya kuhakikisha ni kuomba simu ya mtu ambaye hamjaunganishwa, au kufungua kiungo cha ukurasa wako ukiwa umetoka kwenye akaunti.

Kuhusu picha yenyewe, ile iliyokatwa kwenye picha ya harusi na bega la mtu mwingine limebaki pembeni haifai. Jua la saa sita mchana la kwetu linatia kivuli machoni. Kaa barazani asubuhi au alasiri, uso uelekee kwenye mwanga, ukuta mtupu nyuma, rafiki akupige kwa simu yake. Hiyo inatosha kabisa, huhitaji studio. Na mwanamke anayevaa ushungi asikubali kushawishiwa na mtu yeyote auvue ili aonekane wa kisasa. Picha ya kazi ni ile unayoonekana ulivyo siku utakayofika kwenye usaili.

Dalili: wanafungua, wanasoma, wanaondoka

Hapa ndipo kwenye kazi kubwa, na ndipo watu wanapoharakisha.

Anza na aya ya kujieleza. Inaruhusu herufi 2,600, lakini mgeni anaona mistari michache ya kwanza tu mpaka abonyeze kuendelea. Ukiianza kwa "Mimi ni mtu mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo", umetumia mistari hiyo kusema maneno ambayo kila mwombaji ameyasema. Anza na unachokifanya, kwenye mitambo au mizigo au wagonjwa wa aina gani, na kwa muda gani. Sifa zako msomaji atazipata kwenye kazi zenyewe.

Kisha sehemu ya uzoefu. Kosa lake ni kuandika cheo na mwaka, basi. Au kunakili majukumu kutoka kwenye mkataba. Chukua mfano wa bandari yetu. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na gati na mizigo ikaletwa kwa matishari, kwa hiyo mzigo mmoja ulishikwa mara mbili. Baadaye kina kikachimbwa hadi mita 13 na zikajengwa gati zenye urefu wa mita 450, meli zikaanza kufunga gatini. Karani aliyefanya kazi kabla na baada ya hapo ana uzoefu wa namna mbili tofauti kabisa za kuhudumia mzigo. Lakini kwenye wasifu wake ameandika "Karani, Bandari ya Tanga, 2015 hadi sasa". Mwajiri wa kampuni ya kutoa mizigo hawezi kuotea yote hayo.

Mtu huyo angeandika hivi:

"Nilihesabu na kuhakiki mizigo iliyoshushwa kwa matishari, na tangu meli zianze kufunga gatini ninahakiki makasha na mizigo ya kichele moja kwa moja kutoka melini. Ninaandaa taarifa za upungufu na uharibifu wa mzigo kwa ajili ya wakala na mwenye mali."

Hakuna sifa hata moja hapo, na anayeijua kazi hiyo akisoma anamwamini. Kama una tarakimu za kweli, ziweke: ukubwa wa mota ulizozifunga upya, idadi ya watu uliowasimamia, ekari za mkonge ulizosimamia. Zikiwa za kubuni, ziache. Tanga si kubwa kiasi hicho, na aliyekuwa msimamizi wako anaweza kuwa rafiki wa anayekuita kwenye usaili.

Mapengo ya miaka nayo huwafukuza watu. Kati ya 2019 na 2021 hakuna kitu, na msomaji anajijazia mwenyewe, mara nyingi vibaya. Kama ulikuwa ukiuguza mzazi, sema ulikuwa na majukumu ya familia. LinkedIn ina sehemu ya kueleza mapumziko ya kazi kwa sababu kama hizo. Kama ulikuwa ukifanya kazi za kutwa mtaani, hizo ni kazi, ziandike. Fundi aliyefunga nyaya kwenye nyumba za Mikanjuni na Duga kwa miaka miwili hakukaa bure, na asikubali ukurasa wake useme hivyo.

Halafu ushahidi. Unaweza kudai ujuzi wowote, ila mwajiri anatafuta mtu mwingine anayeuthibitisha. Ushuhuda mmoja ulioandikwa na msimamizi wako una nguvu kuliko ujuzi thelathini uliouorodhesha mwenyewe. Anayeweza kukuandikia ni mtu ambaye tayari mmeunganishwa. Usimwombe "naomba unipendekeze", kwa sababu hatajua aandike nini na ataishia kuandika kwamba wewe ni mtu mzuri. Mkumbushe kazi mahususi. Na kama mzee huyo haandiki Kiingereza kwa raha, aandike kwa Kiswahili. Maneno ya fundi mkuu aliyekufundisha, yakiwa katika lugha anayoimudu, yanasomeka kuwa ya kweli.

Orodha ya ujuzi, punguza. Toa "Facebook" na "kutumia kompyuta". Panga juu ule unaotajwa kwenye matangazo uliyoyasoma.

Dalili: mialiko yako haikubaliwi

LinkedIn inawapanga watu kwa ngazi: wa kwanza ni mliounganishwa, wa pili ni wanaounganishwa na hao, wa tatu wako mbali zaidi. Ukiwa na marafiki wa mtaani tu, waajiri wote wako ngazi ya tatu au hawapo kabisa. Kwa hiyo watu wanaanza kutuma mialiko kwa wakurugenzi wasiowajua, kumi kwa siku, bila neno. Wakipokea watu wa kutosha wakasema hawakujui, akaunti yako inaweza kuwekewa vizuizi.

Anza na waliokuona ukifanya kazi: wenzako wa chuo cha ufundi, mkufunzi, msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, dereva wa kampuni mliyopakia naye mzigo. Na andika ujumbe kama ambavyo ungemwendea mtu ofisini kwake. Kwa mhandisi aliyekuzidi umri:

"Shikamoo mhandisi. Nilifanya mafunzo kwa vitendo kwenye karakana yenu, nikiwa na kundi lililofunga upya mota za mtambo wa kusaga. Sasa nafanya kazi za umeme hapa Tanga. Naomba tuunganishwe ili niendelee kujifunza kutoka kwako."

Usiombe kazi kwenye ujumbe wa kwanza. Akikubali, mshukuru. Kazi ikitokea atakukumbuka kwa mota zile. Mialiko iliyolala miezi bila jibu, iondoe, ila fahamu kuwa ukishauondoa mwaliko hutaweza kumtumia mtu huyo mwingine mpaka zipite kama wiki tatu.

Dalili: huoni nani aliyekutembelea

Uko kwenye hali ya kujificha unapotazama kurasa za wengine. Kwa akaunti ya bure, ukijificha nawe unafichwa. Badilisha kwenye mipangilio.

Dalili: ujumbe unakuja, lakini wa matapeli

Hili linaniumiza, kwa sababu wanaonaswa ni wale waliongoja muda mrefu kuliko wengine. Fremu ya kijani kwenye picha inamwambia kila mtu kuwa unatafuta kazi, na tapeli ni mmoja wa hao. Anakuja na nafasi kwenye mradi mkubwa, mshahara mnono, hakuna usaili. Kwa haraka anakuhamishia WhatsApp. Kisha inakuja hela ndogo ya vipimo vya afya, au ya sare, au ya usajili, itumwe kwa namba ya simu yenye jina la mtu binafsi.

Anayekuomba hela ili akupe kazi hana kazi. Usitume hata shilingi, hata akikuonyesha barua yenye muhuri. Angalia ukurasa wake: umefunguliwa lini, una watu wangapi, kampuni anayoitaja ina wafanyakazi wengine wanaoonekana? Piga simu ofisi ya kampuni kwa namba uliyoipata mwenyewe, usitumie aliyokupa yeye.

Na punguza unachokiweka hadharani. Nimeona watu wameweka picha za vyeti vyao nzima, namba ya mtihani wa kidato cha nne ikisomeka, na pengine namba ya NIDA pembeni. Matokeo ya NECTA yako mtandaoni kwa namba za watahiniwa, kwa hiyo mgeni anaweza kupata alama zako zote kabla hujamjua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haiwezi kurudisha picha iliyokwisha kusambaa. Andika jina la cheti, chuo na mwaka. Nakala halisi mpe mwajiri akikuita. Mtaa unaoishi na tarehe kamili ya kuzaliwa havina kazi pale.

Fremu ya kijani si lazima. Unaweza kuchagua ionekane kwa waajiri wanaotumia huduma ya kutafuta watu peke yao, bila alama yoyote kwenye picha. Kama bado una kazi, chagua hiyo. LinkedIn hujaribu kuwaficha waajiri wa kampuni yako wasione, ila haiahidi kwamba itafaulu. Na kabla ya kuanza kuhariri, zima ile mipangilio inayowatangazia watu wako kila badiliko, isije ofisi nzima ikapata taarifa kwamba umebadilisha maelezo ya kazi usiku wa kuamkia Jumatatu.

Dalili: kila kitu kimekaa sawa, na bado kimya

Badilisha kitu kimoja, subiri wiki kadhaa, rudi kwenye zile hesabu mbili. Kama zinapanda, endelea. Kama hazisogei na umepita hatua zote hapo juu, inawezekana kazi yako haiajiriwi kwa njia hii. Muuguzi anayetaka nafasi ya serikali pale hospitali ya Bombo hatapatikana LinkedIn, maana nafasi nyingi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira na maombi hupitia mfumo wake, Ajira Portal. Nenda huko, jaza kila sehemu, na vyeti viwe vimehakikiwa. Kazi nyingi za mashambani na za gatini bado hupatikana kwa kufika mwenyewe asubuhi na kwa neno la anayekujua.

Hata hivyo wasifu wako utatumika. Fupisha kiungo chake: LinkedIn hukupa anwani yenye tarakimu na herufi zisizokumbukika mwishoni, na unaruhusiwa kuweka jina lako badala yake. Kiweke juu ya CV, chini ya namba ya simu. Mwache mwenye stesheneri akichape kikiwa kizima, bila nafasi katikati, halafu kifungue hapo hapo kwa simu yako kabla hujalipia nakala.